Kelele ya Saspensheni Kwenye Gari la Spoti: Namna ya Kuitafuta Hadi Uipate

Mtu akinunua Subaru Impreza WRX, Toyota 86 au Mazda MX-5 iliyotumika Japani, haipiti miezi mingi kabla hajauliza swali hili: "Nikipita kwenye tuta nasikia ko upande wa kushoto mbele, ni nini?" Kwa kawaida amekwisha kumpelekea makanika, ambaye amebonyeza boneti mara mbili na kutamka kwamba shokamzoba zimekufa. Pesa zimetoka, shokamzoba mpya zimefungwa, na ko lile lile linamsubiri kwenye tuta lile lile.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayeanza, ambaye hujawahi kulala chini ya gari lako mwenyewe. Hauhitaji karakana kubwa. Ua wenye sakafu ya saruji iliyo tambarare, hata hapa Kampala ambako uwanja tambarare si rahisi kupatikana, unatosha. Kanuni inayouongoza ni moja: usinunue kipuri chochote kabla hujaweza kuifanya kelele itokee kwa makusudi, na kisha kuinyamazisha kwa makusudi.

Nadharia utakayoihitaji ni hii tu. Gari la spoti lina springi ngumu, bushi (raba zinazokaa kwenye maungio ya vyuma vya saspensheni) ngumu na tairi zenye ukuta mfupi, kwa hiyo mgongano mdogo wa chuma kwa chuma haumezwi na mpira kama kwenye gari la familia, bali husafiri kupitia bodi na kutokea mahali pengine. Kelele unayoisikia chini ya mguu wako inaweza kuwa imezaliwa kwenye gurudumu la nyuma. Sikio litakuonyesha mtaa, lakini nyumba yenyewe itabidi uigonge kwa mkono.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Tafuta jeki ya troli iliyo fupi, kwa sababu jeki nyingi za kawaida haziingii chini ya gari lililo karibu na ardhi. Ikiwa yako haiingii, panda kwanza juu ya mbao mbili pana kwa magurudumu ya mbele. Pata stendi mbili za chuma, nne ikiwezekana. Pata pia magogo au mawe makubwa ya kuzuia magurudumu yasibingirike, seti ya spana na soketi, spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza, mtaimbo mdogo wa urefu wa nusu mita hivi, tochi nzuri, chupa ya kunyunyizia maji, chaki au rangi ya kucha ya kuwekea alama, na simu yenye kinasa sauti. Kitu cha mwisho ni mtu wa kukusaidia, mwenye subira na asiyependa kusema "nimekwisha kukuambia ni shokamzoba."

Kitabu cha gari lako ndicho kitakachokupa nguvu sahihi ya kukaza kila bolti. Usikisie, na usichukue namba za gari la jirani hata kama ni la kampuni hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Sikiliza kwanza, na uandike

Tembeza gari taratibu huku madirisha yakiwa wazi na redio imezimwa, kisha andika kelele inatokea lini. Je, inatokea kwenye shimo dogo au kwenye tuta kubwa? Inatokea ukikata kona, ukikanyaga breki, au ukiachia breki? Inatokea asubuhi gari likiwa baridi na kupotea baadaye? Hupotea siku ya mvua? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu kelele ya kwi-kwi inayokoma katika msimu wa mvua wa Machi hadi Mei na kurudi Juni vumbi linapoanza ni ya mpira mkavu, si ya chuma kilicholegea.

Jifunze kutofautisha sauti pia. "Ko" moja nzito huwa ni sehemu kubwa iliyolegea au bushi iliyochanika. "Ta-ta-ta" nyepesi juu ya barabara ya murram mara nyingi hutoka kwenye linki ya stabilaiza, yaani kijiti kinachoiunganisha saspensheni na fito inayozuia gari kulala upande kwenye kona. "Kwi" ni mpira. "Vuuu" inayopanda kadiri mwendo unavyopanda, na inayosikika vizuri zaidi kwenye lami laini kama ile ya barabara ya kasi ya Entebbe, ni beringi ya gurudumu au tairi lenyewe, na hiyo si kelele ya saspensheni hata kidogo.

Hatua ya 2: Ondoa vitu vinavyodanganya

Fungua buti na utoe kila kitu: tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu, chupa za maji, viatu. Angalia kama betri imefungwa vizuri, kama namba ya gari haipigi bampa, na kama plastiki ya ndani ya madigadi haijachomoka. Lishike bati linalokinga joto la ekzosi ulitikise, ila gari likiwa limepoa. Kisha hakikisha nati za magurudumu zimekazwa kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni, hasa ikiwa mwenye gari wa zamani aliweka spesa za kutanua magurudumu, kwani spesa iliyolegea hutoa ko linalofanana kabisa na la boljointi (kiungo kinachouunganisha mkono wa saspensheni na kitovu cha gurudumu) na ni hatari zaidi ya boljointi yenyewe.

Rudi barabarani. Wapo ambao kazi yao huishia hapa, na wasione aibu.

Hatua ya 3: Jaribio la tuta na jaribio la breki

Tafuta tuta ambalo unaweza kulirudia bila kusumbua watu. Lipande kwanza likiwa limenyooka mbele yako, magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda kwa pamoja. Kisha lipande kwa mshazari, gurudumu moja likitangulia. Fito ya stabilaiza hufanya kazi pale tu gurudumu moja linapopanda na jingine kubaki chini. Yakipanda yote kwa pamoja, fito huzunguka tu kwenye raba zake bila kujipinda. Kwa hiyo kelele inayotokea kwa mshazari na kukoma unapopita moja kwa moja inakuelekeza kwenye linki au raba za stabilaiza. Inayotokea kwa namna zote mbili inaelekeza kwenye shokamzoba, mauntingi yake ya juu (kishikizo chake kwenye bodi), boljointi au bushi.

Halafu pita juu ya mashimo madogo huku umeweka mguu juu ya pedali ya breki kwa wepesi sana, kiasi cha pedi kugusa diski tu. Ikiwa ta-ta-ta inakoma papo hapo, acha kuitazama saspensheni. Ni pedi zinazocheza ndani ya kalipa (chombo kinachozibana pedi kwenye diski) au pini za kalipa zilizolika.

Jaribio hili nililijifunza kwa gharama. Nililipia shokamzoba mbili za mbele za Impreza, nikalipia na kazi ya kuzifunga, kisha nikarudi nyumbani na kelele yangu kama nilivyotoka nayo. Siku ya tatu, nikishuka mteremko wa Muyenga wenye mawe, niligusa breki na kelele ikanyamaza, nikaachia, ikarudi, nikagusa tena, ikanyamaza. Aliyebadilisha pedi miezi miwili kabla hakurudisha kibanio kimoja cha bati, kitu chembamba kuliko ukucha. Shokamzoba za zamani, nilipozikagua baadaye, zilikuwa nzima.

Tofautisha jambo hilo na ko moja unapokanyaga breki na ko moja jingine unapoondoka. Hiyo kwa kawaida ni bushi ya nyuma ya mkono wa chini wa saspensheni, inayouacha mkono usogee mbele na nyuma gari linapobadilisha uzito.

Hatua ya 4: Angalia chini kabla ya kuosha gari

Watu wengi huosha gari ndipo waingie chini, na kwa kufanya hivyo hufuta ushahidi. Vumbi letu jekundu ni msaidizi mzuri: hukaa sawasawa juu ya kila kitu, na mahali ambapo vyuma viwili vinagongana au kusuguana, hufutika na kuacha alama inayong'aa. Ingiza tochi na utafute doa safi katikati ya wekundu, mstari wa kutu unaotiririka kutoka kwenye kichwa cha bolti, vumbi lililogandamana juu ya grisi iliyotoka ndani ya raba ya boljointi, au unyevu wa mafuta kwenye shokamzoba. Piga picha kila unachokiona, kwa sababu baada ya kugusa vitu vinne hutakumbuka kipi kilikuwa vipi.

Hatua ya 5: Inua gari bila kuhatarisha maisha

Zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo, vuta breki ya mkono, kisha inua sehemu zilizoonyeshwa kitabuni. Ukingo wa chini wa bodi hupinda kwa urahisi, kwa hiyo weka kipande cha mbao laini au raba kati yake na jeki. Gari likishainuka, liweke juu ya stendi, kisha lisukume kwa nguvu kutoka ubavuni kabla hujaingia chini. Likitikisika juu ya stendi, lishushe uanze upya.

Onyo: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama ni kuchukua soketi iliyobingirika.

Hatua ya 6: Shika gurudumu

Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta kwa kupokezana. Ukihisi mchezo, mwambie msaidizi akanyage breki kwa nguvu kisha urudie. Mchezo ukitoweka, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi au bushi. Kisha shika kushoto na kulia ufanye vivyo hivyo. Mchezo wa upande huu kwa magurudumu ya mbele ni wa tairodi endi (ncha ya nje ya fimbo inayogeuza gurudumu) au wa ncha za ndani za reki ya steringi. Weka kidole juu ya jointi yenyewe wakati msaidizi anatikisa, kwa sababu kidole huhisi mgongano ambao jicho halioni.

Hatua ya 7: Stabilaiza

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndiyo sababu nitakaa kidogo. Ukiinua gurudumu moja tu, fito ya stabilaiza inajipinda na kuzibana linki zote mbili, na linki iliyokufa itaonekana nzima. Inua magurudumu yote mawili ya mbele kwa kimo kimoja, au liache gari lisimame juu ya mbao pana zilizo sawa pande zote mbili. Shika linki kwa kiganja uitikise juu na chini. Linki nzima huzunguka kwa ugumu bila kutoa sauti. Iliyolika hugonga mkononi mwako kama njugu kavu ndani ya kopo.

Tikisa pia fito yenyewe karibu na raba zake mbili zinazoishikilia kwenye fremu. Ikiwa unaweza kuingiza kipande cha karatasi kati ya raba na fito, umepata mtuhumiwa.

Ukiwa bado na shaka, fungua linki zote mbili za ekseli hiyo, zifunge kwa waya mbali na kila kitu kinachosogea, kisha tembeza gari taratibu kwenye barabara tulivu. Kelele ikikoma, umemaliza uchunguzi. Usifungue linki moja ukaacha nyingine, wala usikate kona kwa kasi katika hali hiyo, kwa kuwa gari litalala upande kuliko ulivyozoea.

Hatua ya 8: Boljointi na bushi

Namna ya kuichunguza boljointi inategemea mahali springi ilipokaa. Ikiwa gari lako lina shokamzoba iliyobebwa ndani ya springi na kuungana moja kwa moja na kitovu cha gurudumu, kama mbele ya Impreza na ya Toyota 86, liache gurudumu lining'inie kisha ubane mtaimbo kati ya mkono wa chini na kitovu. Ikiwa lina mikono miwili, wa juu na wa chini, na springi inaukandamiza mkono wa chini, kama mbele ya MX-5, weka jeki chini ya mkono huo karibu na gurudumu uinue kidogo ili uzito utoke kwenye jointi. Usipofanya hivyo, springi itaibana na mchezo utajificha.

Kwa bushi, sukuma mkono kwa mtaimbo pande zote na uangalie mpira. Mpira kunyumbuka kidogo ni kawaida, maana ndiyo kazi yake. Unachotafuta ni mpasuko unaofunguka, mpira ulioachana na chuma, au chuma cha ndani kinachogusa chuma cha nje. Bushi nyingine zina kimiminika ndani, na zikivuja utaona weusi wa mafuta ukitiririka.

Kwa kwi-kwi, tumia chupa ya maji. Nyunyizia bushi moja, mwambie msaidizi abonyeze gari juu na chini, kisha sikiliza. Kelele ikiendelea, nenda kwenye inayofuata. Ile ambayo ikilowa kelele hukoma kwa muda ndiyo yenyewe. Usipake mafuta ya injini wala grisi ya kawaida kwenye mpira, kwani huuvimbisha na kuuoza. Bushi za poliyurethani, ambazo wengi huzifunga kwenye magari ya spoti, zinahitaji grisi ya silikoni.

Hatua ya 9: Shokamzoba na mauntingi ya juu

Nimeiweka shokamzoba karibu na mwisho kwa makusudi, kwa kuwa wengine wote huanza nayo. Unyevu mwembamba kwenye mwili wake si kifo. Mafuta yanayodondoka na kushika vumbi hadi chini ndiyo dalili ya kweli. Jaribio la kubonyeza boneti halikuambii mengi kwenye gari lenye springi ngumu, maana gari haliinuki wala halishuki vya kutosha.

Kwa mauntingi ya juu, shusha gari chini, shika springi kwa wepesi kwa viganja, mbali na mahali pa kubanwa vidole, na msaidizi azungushe usukani hadi mwisho pande zote. Springi ikishikwa kisha ikaruka kwa "tong", beringi ya mauntingi imekwama. Fungua boneti pia na uweke kidole juu ya mauntingi huku gari likitikiswa.

Onyo: nati ya katikati iliyo juu kabisa ya shokamzoba usiilegeze springi ikiwa bado imebanwa. Springi hiyo ina nguvu ya kuua. Kazi hiyo hufanywa kwa kibanio maalumu cha springi, na kama hunacho, mpe anayekijua.

Hatua ya 10: Badilisha, kisha kaza gari likiwa limesimama

Ukinunua kipuri kilichotumika, tuseme kwenye soko la vipuri la Kisekka, kikague kwa namna ile ile uliyokagua cha kwako kabla ya kulipa. Boljointi iliyotumika kwa kawaida ni ununuzi wa hasara. Shokamzoba zibadilishwe mbili mbili kwa ekseli moja.

Bolti za bushi za mpira usizikaze kabisa gari likiwa limening'inia. Zikaze kwa mkono, shusha gari likae kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma kidogo, ndipo ukaze kwa spana ya toki. Ukikaza likiwa hewani, mpira utabaki umejisokota kila siku na kuchanika mapema, na gari linaweza kukaa juu kuliko kimo chake. Chora mstari wa rangi ya kucha juu ya kila nati na kiti chake, ili baada ya wiki uone kwa jicho kama imesogea.

Ukigusa tairodi, mikono ya saspensheni au bolti zinazounganisha shokamzoba na kitovu, gari lazima lipimwe upya ulalo wa magurudumu.

Ikiwa kelele bado ipo

Ikiwa umefuata yote na ko bado linasikika, funga simu inayorekodi kwa gundi ya karatasi ndani ya buti, kisha chini ya kiti cha mbele, ukirudia tuta lile lile kwa mwendo ule ule, na ulinganishe ukali wa sauti. Mara nyingi utagundua kwamba ulikuwa unatafuta kwenye ekseli isiyo yake.

Ikiwa ko linatokea unapobadilisha gia au kuachia klachi, tafuta kwenye mauntingi za injini na za difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu). Ikiwa ni ka-ka-ka unapokata kona usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho, ni jointi ya shafti ya gurudumu, na raba yake iliyopasuka na kutapika grisi itathibitisha.

Ikiwa gari limeshushwa kwa springi fupi juu ya shokamzoba za kawaida, ko linaweza kutoka pale gurudumu linapodondoka ndani ya shimo, springi inalegea kabisa, kisha inarudi kwenye kikalio chake. Liinue gari uzungushe springi kwa mkono. Ikizunguka ovyo, umeiona. Ikiwa zimefungwa shokamzoba zinazorekebishwa kimo, angalia pete za kufungia, maana hulegea kwa mtikisiko wa barabara. Mauntingi za chuma kitupu zisizo na mpira hupiga kelele kidogo hata zikiwa mpya, na huko ni kuvumilia au kurudisha za mpira.

Kuna jambo la pekee kwa wenye Impreza STI: baadhi ya shokamzoba zake zimejengwa zikiwa zimepinduliwa, bomba nene likiteleza ndani ya jingine, na grisi ya ndani ikikauka hugonga kama imekufa ilhali inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa grisi mpya tu. Muulize makanika kama amewahi kufanya kazi hiyo kabla hujamkabidhi gari.

Na ikiwa mchezo uliouona ni wa boljointi au wa spesa, usiendelee kuliendesha gari huku ukisubiri Jumamosi utakapopata nafasi. Liache pale lilipo, hata kama kesho yake utapanda boda boda kwenda kazini.